Timbo la mawe na mahali pa kuzalia nyumbu

Timbo la mawe hupimwa kwa ekari. Mwenye ardhi huulizwa ni ekari ngapi, mtaalamu wa mazingira huandika ekari hizo hizo kwenye ripoti, na leseni hutoka ikiwa na idadi iyo hiyo. Kwa kipimo hicho, matimbo yaliyotapakaa kusini na mashariki mwa Nairobi huonekana madogo: ekari mbili hapa, ekari tano pale, katikati ya nyanda ambazo jicho halioni mwisho wake. Ndiyo sababu hoja inayosikika kila mara wakazi au wahifadhi wanapolalamika ni kwamba wanyama wana nafasi tele, watasogea.

Wasogee wapi? Hoja hiyo huchukulia kwamba kila ekari ya nyanda hizo, ziitwazo Athi-Kapiti, ni sawa na nyingine, na kwamba timbo huchimbwa popote. Timbo halichimbwi popote. Huchimbwa mahali ambapo mwamba uko karibu na uso wa ardhi, na mahali hapo ndipo mnyama naye alikuwa amepachagua tangu zamani, kwa sababu iyo hiyo.

Nyanda hizi zimekaa juu ya mawe ya volkeno. Kuna fonolaiti, jiwe gumu la kijivu lenye rangi ya samawati kidogo, linalovunjwa kwa baruti na kusagwa kuwa kokoto. Na kuna tafu, jivu la volkeno lililogandamana, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno kuwa mawe ya kujengea. Juu ya mawe hayo kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kila dereva wa Kitengela anaujua kwa kukwama ndani yake. Bondeni, udongo huo unaweza kuzidi mita moja. Kwenye migongo na miinuko midogo hupungua hadi sentimita thelathini au chini, na hapa na pale jiwe lenyewe hutokeza. Mchimbaji anatafuta migongo hiyo. Kila sentimita ya udongo wa kuondoa ni dizeli ya tingatinga, na dizeli hailipwi na mnunuzi wa mawe.

Sasa mtazame nyumbu. Mvua ikianza, udongo mweusi wa bondeni hufura, hushika maji na kunata kwatoni. Nyasi zake hurefuka haraka, zikawa ngumu na zenye nyuzi nyingi. Juu ya migongo, ambako udongo ni mwembamba na maji hukimbia, nyasi hubaki fupi, changa na zenye madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji. Tena pako wazi: simba huonekana akiwa mbali, na ndama, ambaye husimama dakika chache baada ya kuzaliwa, hupata ardhi kavu ya kukimbilia. Kwa hiyo wakati wa mvua makundi huhama kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda kwenye nyanda, na kiangazi hurudi upande wa mto Mbagathi na mabwawa ya ndani ya mbuga, ambako maji hayakauki upesi. Mbuga hiyo, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Ina ua pande tatu na imeachwa wazi upande wa kusini kwa makusudi. Kwa nyumbu ni nusu ya makao. Nusu nyingine iko juu ya mawe tunayoyataka.

Hesabu za idadi yao zinajulikana. Mwaka 1978 nyanda za Athi-Kapiti zilikuwa na karibu nyumbu 30,000. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wamepungua hadi chini ya 5,000. Itakuwa si haki kuyabebesha matimbo mzigo huu wote. Ranchi za pamoja ziligawanywa, nyaya za ua zikatandazwa, eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likaanzishwa Athi River mwaka 1990, barabara ya Namanga ikajaa miji, ukame na ujangili navyo vikachukua fungu lao. Ninalosema ni hili: timbo la ekari tatu kwenye mgongo wa kuzalia hudhuru kuliko nyumba za ekari thelathini zilizojengwa bondeni, na utaratibu wetu wa leseni hauna mahali pa kuandika tofauti hiyo.

Chukua hesabu nyepesi. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Tuseme jike mwenye ndama hujitenga mita 500 na kelele za mashine, malori na watu. Hili ni kadirio la mfano tu, kila spishi ina umbali wake, na siku ya baruti umbali huongezeka. Kwa mita hizo 500 kila upande, ekari moja iliyochimbwa imewanyima nyumbu zaidi ya ekari 220. Machimbo mawili yaliyo umbali wa kilomita moja juu ya mgongo mmoja yanaufunga mgongo wote, ingawa kati yake nyasi zimesimama bila kuguswa na mtu yeyote anayepita atasema mahali hapa ni pazuri kwa wanyama.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi huchanganywa, nalo ni tofauti kati ya kufyeka na kuchimba. Kufyeka pekee, hata kunapotia uchungu, mara nyingi kunarekebishika. Migunga mifupi ya nyanda hizi, ile yenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi ambavyo hupiga mluzi upepo ukivuma, huchipua tena kutoka kwenye kisiki ikikatwa. Mchoma makaa akiondoka na mbuzi wakizuiwa, baada ya misimu kadhaa utaona vichaka vimerudi, sisimizi wamerudi, na twiga wanang'ata majani ya juu kwa hadhari. Mizizi, mbegu na vijidudu vya udongo vilikuwa bado viko. Kuchimba huondoa hivyo vyote. Tatizo huanzia siku ya kwanza ya kazi, kabla hata jiwe moja halijakatwa.

Siku hiyo huwa hivi. Tingatinga linafika asubuhi, linashusha sepetu na kusukuma kila kitu kwa pamoja: nyasi, udongo wa juu, udongo wa chini, vipande vya mwamba uliochakaa. Vyote hurundikwa ukingoni, mara nyingi upande wa mteremko kwa kuwa huko ndiko kusukuma ni rahisi. Mwamba ukishafagiliwa, hulazwa reli mbili, na juu yake mashine ya umeme yenye msumeno wa duara hupita ikikata mistari ya urefu, kisha mistari ya upana. Mafundi hufuata kwa patasi na mtaimbo, wanabandua mawe kutoka chini, wanayapanga: inchi tisa kwa tisa, sita kwa tisa, nne kwa tisa. Tabaka moja likiisha, reli hushushwa na kazi huanza upya. Ndiyo maana kuta za matimbo ya aina hii huwa zimesimama wima kama za kisima, mita sita, kumi, kumi na tano, bila ngazi wala mteremko.

Sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote kwa uhai wa baadaye ni ile sentimita ishirini au thelathini ya juu, na ndiyo iliyoharibiwa saa ya kwanza. Ndani yake mna mbegu, kuvu wa mizizi, mchwa, na nyasi aina ya themeda, zile zinazogeuka rangi ya kutu zikikomaa. Themeda haisambai upesi. Mbegu zake nyingi hazioti, na penye udongo uliovurugwa hushindwa na magugu. Ukishaichanganya na udongo wa chini ulio mgumu, umeizika.

Kuuhifadhi udongo huo si sayansi ngumu. Hutolewa peke yake kwanza, ukiwa mkavu, usisukumwe pamoja na udongo wa chini. Hurundikwa kwa kimo kisichozidi mita mbili, kwa sababu rundo refu hukosa hewa katikati na vijidudu hufa. Hupandwa nyasi mara moja ili mvua isiubebe, na hurudishwa mapema iwezekanavyo. Ukikaa zaidi ya mwaka mmoja, mbegu nyingi zilizomo huwa zimekwisha. Kinachofanya wachimbaji wasifanye hivyo ni nafasi. Sentimita 30 juu ya ekari moja ni takriban mita za ujazo 1,200, yaani safari 120 za lori la mita kumi. Kwa kimo cha mita mbili, rundo hilo litachukua zaidi ya mita za mraba 600, karibu sehemu moja kati ya saba ya ekari yenyewe. Mwenye ekari mbili haoni sababu ya kuacha mawe chini ya rundo la udongo. Dawa yake ni kuchimba kwa vipande: fungua robo ekari, ukihamia robo ya pili udongo wake uende moja kwa moja juu ya robo ya kwanza iliyokwisha kujazwa. Rundo halikai, lori halirudii safari. Huhitaji mashine ya ziada, unahitaji mpango ulioandikwa kabla ya tingatinga kufika na mtu wa kuja kuutazama.

Wanaoishi chini ya ardhi hawaonekani kabisa katika ripoti nyingi. Mhanga, ambaye watu wengi wa Nairobi hawajawahi kumwona kwa kuwa hutembea usiku, ndiye mjenzi wa nyanda hizi. Shimo analochimba na kuliacha huingiwa na ngiri, nungunungu, fisi, mbweha, kenge, chatu. Penye udongo mwembamba mashimo mazuri ni machache, kwa hiyo moja likifukiwa, wapangaji wengi wanakosa kwa pamoja. Kujua kama shimo lina mwenyewe ni rahisi: simika vijiti vyembamba mdomoni, lainisha vumbi mbele yake, rudi asubuhi kwa siku kadhaa mfululizo. Vijiti vikianguka na nyayo zikionekana, hapo kuna mtu. Basi kazi husogezwa, au huwekwa mlango wa upande mmoja unaomruhusu mnyama kutoka asirudi, na hili halifanywi wakati wa watoto wachanga. Tingatinga lenyewe halisikii kitu chini yake.

Kisha huja barabara. Timbo lisilofikiwa na lori la tani ishirini halina faida, kwa hiyo hatua ya pili baada ya kuufagia mwamba ni kumwaga maramu kutoka barabara kuu hadi mlangoni. Maramu hiyo hutoka kwenye shimo jingine, na ndani yake husafiri mbegu. Gugu la patheniamu, lenye maua madogo meupe, limeingia hadi ndani ya Mbuga ya Nairobi, na hupenda sana kingo za barabara na udongo uliovurugwa. Ng'ombe hawalipendi, ngozi za watu wengi huwashwa nalo, na kila mahali linaposhika, nyasi hurudi nyuma. Lori halihitaji kumwaga kitu. Matope ya magurudumu yanatosha. Kuosha magurudumu langoni na kung'oa gugu kabla halijatoa maua, kila msimu wa mvua, ni gharama ndogo ambayo karibu hakuna leseni inayoitaja.

Barabara ina madhara makubwa zaidi ya gugu. Ikishakuwepo, dalali hufuata. Ardhi ambayo jana ilikuwa malisho yasiyofikika leo ni "ploti za 50 kwa 100, dakika tano kutoka lami". Mwenye ploti hajengi kwanza. Huweka ua kwanza, asije akaibiwa mpaka. Waya wa ua huo, uliotandazwa mita chache kutoka nguzo hadi nguzo, ndio unaomkata nyumbu njia na kuwanasa ndama usiku. Timbo lenyewe huweza kufungwa baada ya miaka kumi mawe yakiisha. Ua haufungwi. Tathmini inayohesabu shimo bila kuhesabu barabara yake na kile ambacho barabara italeta imehesabu sehemu ndogo tu ya madhara.

Nyumbu na pundamilia wasipofika, simba hawahami kuwafuata. Huhamia kwenye boma la ng'ombe. Juni mwaka 2012 simba sita waliuawa katika eneo la Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Machi mwaka 2016 simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alipigwa risasi Isinya akiwa ametoka mbugani. Kila mara tukio kama hilo likitokea, swali linaloulizwa Nairobi ni nani aliacha simba watoke. Ni vyema pia kuuliza ni nini kilichowazuia wanyama wanaowindwa wasiingie.

Nije sasa kwa ripoti zenyewe, maana hapo ndipo pa kushikia. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya timbo kufunguliwa, na baada ya hapo ukaguzi wa kila mwaka. Karatasi ipo. Udhaifu uko katika kalenda. Mtaalamu akitumwa Agosti, katikati ya kiangazi, akatembea siku mbili juu ya mgongo mkavu, ataona swala wachache, mbuzi wa jirani na nyasi zilizoliwa hadi shinani. Ataandika kwamba hakuna wanyamapori wa maana, na hatakuwa amedanganya: nyumbu wakati huo wako mbugani, kwenye maji. Angalikwenda wakati wa mvua angewakuta na ndama. Ripoti ya timbo katika nyanda hizi isiyo na matembezi ya misimu miwili, wa mvua na wa kiangazi, haina thamani ya karatasi iliyochapiwa, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ina uwezo wa kuirudisha kwa sababu hiyo moja pekee.

Kwa misimu miwili, kazi ya shambani si kubwa. Kamera za mtego kadhaa ziwekwe kwa wiki mbili kila msimu, zielekezwe kwenye njia za wanyama zinazoonekana kwa macho. Mashimo yote yahesabiwe na kupimwa kwa vijiti. Viota vya ndege wanaotaga chini, kuanzia mbuni hadi wale wadogo wa kwenye nyasi, vitafutwe kwa kutembea mistari sambamba. Penye magenge, pimbi na ndege wala nyama wanaojenga mwambani wachunguzwe kwa darubini alfajiri. Mwisho, na hili ni la bure kabisa, wazee na wachungaji wa Kimaasai wa hapo waulizwe nyumbu huzalia wapi. Watakuonyesha kwa fimbo.

Hata hivyo ripoti nzuri ya timbo moja haitoshi, kwa kuwa madhara hujumlishwa na leseni hazijumlishwi. Kila ombi huingia peke yake na kupimwa peke yake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yaliingiza tathmini ya kimkakati ya mazingira, ile inayotazama eneo zima au mpango mzima badala ya mradi mmoja. Hicho ndicho chombo kinachofaa hapa: ramani moja ya nyanda kutoka mto Mbagathi hadi ng'ambo ya Isinya, inayoonyesha migongo ya kuzalia, mapito na maji ya kiangazi, kisha mawe ya daraja gani yako wapi. Baadhi ya mawe yako chini ya ardhi ambayo tayari imejaa nyumba na viwanda au imekwisha kuchimbwa nusu. Huko ndiko kibali kiwe rahisi, hata kama udongo wa kuondoa ni mzito zaidi na jiwe litagharimu kidogo zaidi. Juu ya migongo iliyobaki, jibu liwe hapana, na liandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti ili mwekezaji alijue kabla hajalipa arubuni.

"Hapana" hiyo ina mtu wa kuilipia. Mwenye ekari 60 zilizobaki baada ya ranchi kugawanywa hana mshahara. Ana ng'ombe, karo ya shule, na mchimbaji anayemtolea fedha taslimu. Kumwambia ahifadhi kwa ajili ya watalii wa Nairobi na kumwacha hapo ni dhuluma. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela waache malisho wazi: usiweke ua, usichimbe mawe, usiue wanyama, nawe utapata shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa awamu tatu zilizopangwa zilingane na karo. Ulifanya kazi vizuri kiasi cha kuwa na foleni ya waliotaka kujiunga. Lakini fanya hesabu: ekari 60 kwa kiwango hicho ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Mpango uliotegemea wafadhili haukuweza kushindana na jiwe, sembuse na dalali wa ploti. Sheria inaruhusu makubaliano ya kudumu yanayosajiliwa juu ya hatimiliki, yanayozuia matumizi fulani ya ardhi na kumfidia mwenyewe. Fedha za kufanya hivyo hazihitaji kuombwa ng'ambo. Kila lori la mawe na kokoto linaloingia Nairobi tayari hulipa ushuru wa kaunti njiani. Sehemu ya ushuru huo irudi kwa wale ambao ardhi yao ina mawe na wamekubali yabaki chini.

Wapo wanaosema timbo likiisha hugeuka makao mapya. Wana chembe ya ukweli. Maji ya mvua hujaa shimoni, bata huteremka, mdiria hutoboa kuta za udongo ukingoni, popo hukaa nyufani. Mfano unaotajwa kila mara ni ule wa Bamburi, Mombasa, ambako mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye sakafu ya timbo la matumbawe la kiwanda cha saruji. Alijaribu aina 26. Tatu tu ndizo zilizostahimili, na mvinje ndio uliobeba kazi. Majani yake makavu hayakuoza hadi walipoletwa majongoo wakayatafuna yakawa udongo. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini soma masharti yake: pale maji yalikuwa karibu na sakafu ya shimo, kulikuwa na kampuni moja yenye fedha na subira ya miongo, na kilichopatikana ni msitu wa kupandwa. Nyanda zetu si msitu. Bata na mdiria ni wageni wema, ila nyumbu hazalii ndani ya bwawa lenye kuta za mita kumi. Ukarabati huweza kurudisha uhai wa namna fulani mahali fulani. Haurudishi mgongo wa mwamba uliokwisha kuuzwa kwa futi.

Zaidi ya hayo, mwisho wa kawaida wa timbo la Nairobi si Bamburi. Jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, liko ndani ya shimo la kuchimbia mawe. Shimo lisilo na mwenyewe karibu na mji huita taka, na taka huita korongo wala mizoga, mbwa, panya na moshi. Kule nyikani huwa mtego: pundamilia hushuka kunywa mahali ambapo ukuta umeporomoka kidogo, kisha maji yakipungua hawezi kutoka. Watoto huzama vivyo hivyo.

Basi kwa matimbo yaliyokwisha kuchimbwa, na yatakayoruhusiwa mahali panapofaa, kazi ya kufunga inajulikana. Walau upande mmoja wa shimo ulazwe kwa mteremko wa mita moja kwenda juu kwa kila mita tatu za mlalo, ili kiumbe chochote kilichoingia kiweze kutoka. Kuta nyingine zikatwe ngazi. Mabaki ya mawe yawekwe chini kabisa, udongo wa chini ufuate, udongo wa juu uwe wa mwisho, usishindiliwe na mashine. Nyasi zipandikizwe kwa mashina kutoka jirani, si kwa mbegu za dukani. Barabara ya maramu ichimbuliwe na kufungwa, maana ikibaki, ploti zitakuja hata baada ya shimo kujazwa.

Anayelipa awe amelipa mapema. Sheria inaruhusu dhamana ya fedha kuwekwa kabla ya kazi kuanza. Kiwango chake kisiwe namba ya kubahatisha mezani. Kihesabiwe kwa mita za ujazo za kujaza, saa za tingatinga na safari za lori kwa bei ya soko ya mwaka huo, na kipandishwe kila shimo linapoongezeka kina. Dhamana ndogo kuliko gharama ya kazi ni ada ya ruhusa ya kuondoka.

Upande wa mnunuzi usisahaulike. Mita moja ya mraba ya ukuta wa mawe ya inchi tisa hula futi 13 hadi 14 za mawe yaliyokatwa, na Nairobi, iliyokuwa na watu karibu milioni 4.4 katika sensa ya mwaka 2019, haitaacha kujenga. Wala haipaswi kuacha. Ila wanunuzi wakubwa wa mawe na kokoto ni miradi ya umma: barabara, shule, nyumba za bei nafuu. Zabuni hudai vyeti vya kodi na usajili wa mkandarasi. Zidai pia namba ya leseni ya timbo ambako mawe yatatoka na nakala ya ukaguzi wake wa mwisho. Mkandarasi atakayekosa kuionyesha asilipwe kwa shehena hiyo. Kwa mjenzi binafsi, kumuuliza dereva wa lori mawe yanatoka timbo gani hakugharimu kitu.

Dhamana irudishwe lini? Si siku shimo linapojazwa, kwa sababu siku hiyo kila kitu huonekana kimekamilika. Irudishwe baada ya misimu miwili ya mvua ndefu, ikiwa mteremko haujaporomoka, nyasi za hapo zimefunika udongo, patheniamu haijatawala, na kamera zimepiga picha za nyayo na kwato zikipita juu yake. Anayetia sahihi awe ofisa wa NEMA pamoja na wa KWS, shirika la wanyamapori la taifa, na wa tatu awe mwakilishi wa wafugaji wanaopakana na shimo hilo. Yeye ndiye atakayekuwa hapo mvua ya tatu.